Bangili Ndani ya Kopo la Samli



Kila msimu wa harusi ukikaribia napata maswali yale yale. Biharusi yuko Unguja au Pemba, mume yuko Shinyanga, Kahama au Geita, na sanduku lazima lisafiri. Dada, singo itafika nzima? Udi je? Marashi yanapanda ndege? Na swali la mwisho huja kwa kunong'ona, mara nyingi usiku: dhahabu, dada, naweza kuichomeka kwenye kifurushi?

Mie niko Katoro mwaka wa 11 sasa. Kwa asiyepajua, ni mji wa biashara mkoani Geita, njia ya kwendea Chato: vumbi, bodaboda, maduka ya vifaa vya machimboni, na watu wa kila kabila waliofuata dhahabu. Mume wangu anauza vipuri. Mie nashona, na nauza kanga na madera yanayotoka kwetu, kwa hiyo kutuma na kupokea mizigo ndiyo kazi yangu ya kila wiki. Ungedhani mtu kama mie ndiye wa mwisho kuharibu. Leo nitajibu yote mliyoniuliza, ila la dhahabu nitalijibu kwa kisa changu, na si kisa cha kujisifia.

Tuanze na mepesi.

Singo usiitume mbichi. Ikishatiwa marashi ya mawaridi inaanza kuharibika, na kutoka Unguja mpaka huku kuna boti, kuna usiku wa kulala ghala la mizigo, kuna safari ndefu ya basi, na ndani ya buti la basi mna joto la tanuri. Tuma kavu: liwa iliyosagwa, mawaridi makavu, karafuu, kila kimoja na mfuko wake wa kitambaa. Biharusi ataichanganya mwenyewe huku, siku moja kabla. Mifuko ya plastiki achana nayo, bara imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na kitambaa kinalinda harufu vizuri zaidi.

Udi hauna shida. Tatizo ni ule mkaa wa duara unaoshika moto kwa njiti moja ya kibiriti. Huo unahesabiwa miongoni mwa vitu vya hatari, kwenye ndege hautakiwi. Mwambie mwenzio anunue mkaa wa kawaida huku, upo tele.

Marashi ya kupuliza yamejaa spiriti, na spiriti inashika moto. Rangi ya kucha na ile dawa ya kuifutia ni ndugu zake. Abiria anaruhusiwa chupa chache kwenye begi lake mwenyewe, lakini kifurushi cha ndege kisicho na mwenyewe ni habari nyingine, watakirudisha au watakizuia. Halud na mafuta mazito yasiyo na spiriti yanasafiri vizuri zaidi. Chupa ifunge mdomo kwa nta au tepu, uivishe soksi ya mtoto, kisha uizungushie kanga. Soksi ya mtoto, usicheke. Tangu nianze nazo sijavunja chupa.

Kuna kitu kimoja nitakisema kwa ukali, na atakayeudhika aniwie radhi. Mara mbili nimeombwa nitafute huku na kutuma Unguja zile krimu za kumng'arisha biharusi ndani ya wiki mbili. Zebaki mie naijua kwa sura. Wachimbaji wadogo wa huku huichanganya na mawe yaliyosagwa ili iikamate dhahabu, halafu huichoma, zebaki ikaondoka na moshi, dhahabu ikabaki. Moshi ule unaharibu neva na figo, na unamdhuru mtoto aliye tumboni. Zebaki hiyo hiyo ndiyo iliyokutwa ndani ya nyingi ya krimu hizo, na krimu zenye zebaki zimekatazwa Tanzania. Biharusi anayejipaka, na anayetarajia kubeba mimba mwezi ule ule, anajipaka nini? Situmi, na usiniombe.

Maua ndiyo yanayoniuma. Wifi yangu alipoolewa hapa Katoro nilitaka aamke siku ya harusi na vikuba vya asumini kama mwanamke wa kwetu. Vilifungwa Unguja alasiri, kwa kitambaa chenye maji, na barafu chini. Vilifika rangi ya majani ya chai. Harufu ilikuwepo, lakini harufu ya jana. Vikuba havitumwi. Aidha mti uwe uani kwako, aidha uolewe kisiwani.

Chakula cha huku kinasafiri vizuri. Mchele wa Kahama, asali, karanga, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambavyo ndugu zangu wa Unguja walivitazama mara ya kwanza kama magome ya mti, na leo wanavidai kwenye futari. Sato wa ziwani usimtume kwa basi hata ukimjazia barafu. Itayeyuka, maji ya samaki yatashuka kwenye mzigo wa mwenzio, na mwenzio huyo huenda ni biharusi. Kutoka upande wa kwetu, vijipakti vya karafuu vya Darajani sijawahi kuulizwa, lakini karafuu za gunia ni jambo la ZSTC na sheria, msijitie humo kwa ajili ya zawadi. Viumbe hai posta hawavipokei, isipokuwa vichache sana: kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinaruhusu nyuki, ruba na viwavi wa hariri. Nani anamtumia biharusi ruba sijui, lakini ruhusa ipo.

Sasa dhahabu.

Marehemu mama, Allah amrehemu, alikuwa na bangili mbili pacha, karati 21, kazi ya sonara mmoja wa Mji Mkongwe, zilizotengenezwa kabla mie sijazaliwa. Moja alinivisha siku ya harusi yangu. Ya pili ilikuwa ya mdogo wangu, ambaye wakati ule alikuwa bado anakwenda skuli. Nilipojifungua mara ya kwanza mama alikuja Katoro kunilea, na tayari alikuwa anaumwa ingawa hakusema. Kabla ya kurudi akanipa ile bangili ya pili, imefungwa kwenye kipande cha leso. Akaniambia nimwekee mdogo wangu mpaka aolewe, na nimvishe mie kwa mkono wangu. Miezi saba baadaye tukamzika.

Kwa hiyo bangili ile haikuwa mali yangu hata siku moja. Ilikaa kwenye sanduku langu miaka, nikaitoa kila Idi kuifuta, nikairudisha.

Mwaka jana, 2025, mdogo wangu akaposwa, na harusi ikapangwa mfungo mosi. Mie nilikuwa mjamzito wa kujifungua Ramadhani. Nikajifungua kumi la mwisho, kwa upasuaji, na arobaini yangu ikaangukia moja kwa moja juu ya harusi. Kusafiri kutoka Katoro mpaka Dar kwa basi na kidonda kibichi, kisha boti, na mtoto wa wiki tatu, haikuwa jambo la kujadiliwa. Mdogo wangu alinipigia mwenyewe. Akasema: "Dada, usiitume. Niache niolewe bila hiyo, utakuja nayo ukiwa mzima."

Nikamwambia sawa. Na nilipokata simu nikaanza kufikiria namna ya kuituma.

Nitakuwa mkweli kwa nini. Niliona aibu. Niliwaza jamaa wa mume watakavyotazama mkono wa biharusi, niliwaza mama, niliwaza wasia. Nikajiona mie ndiye wa kuokoa harusi kutoka kitandani. Jirani yangu Msukuma anapika samli nzuri, nikanunua kopo la lita 3. Nikaifunga bangili kwenye kipande cha nailoni na uzi, nikaizamisha samli ikiwa bado ya moto, nikaiacha igande usiku kucha. Asubuhi mume wangu akakuta kopo limefungwa tepu, na mfuko wa michembe pembeni, akaupeleka mzigo stendi bila kujua amebeba nini. Kwenye risiti, kama nilivyomwelekeza, iliandikwa: samli na michembe, thamani shilingi 60,000.

Mzigo ule ulipita mikono minne. Ofisi ya basi hapa. Ofisi yao Dar. Kijana wa kuutoa Mbezi kuupeleka bandarini. Kisha waliopokea Malindi. Siku ya nne mdogo wangu akapata kopo, nami nikampigia kwa furaha nikamwambia atie mkono ndani. Nikamsikia anacheka, "dada una vituko wewe." Nikamsikia akipekua. Halafu akanyamaza. Halafu nikasikia sufuria, wameimwaga samli yote, wameiyeyusha motoni, wameichuja. Hakuna kitu. Akaniuliza tepu yangu ilikuwa ya rangi gani. Nikasema nyeupe. Akasema hii ni ya kahawia.

Wiki iliyofuata nilijikokota na mtoto wangu mpaka ofisi ya mizigo. Kampuni siitaji, kwa sababu mpaka leo sijui ni mkono upi kati ya minne, na kumtuhumu mtu bila ushahidi ni hasara ya pili. Kijana aliyekuwa dirishani alinisikiliza kwa adabu. Akatoa daftari, akatafuta namba ya risiti.

"Mama, umeandika samli. Samli imefika?"

"Imefika."

"Na michembe?"

"Imefika."

"Sasa, mama, unadai nini?"

Sikuwa na jibu. Nyuma ya risiti imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba fedha na vito havipokelewi. Nilikuwa nimeziona risiti zile mara mia, sikuwahi kuzigeuza.

Baada ya hapo nilisoma kila nilichopata. Utaratibu wa posta duniani ni kwamba fedha taslimu, dhahabu na vito havitiwi kwenye kifurushi kisichokatiwa bima, na nchi nyingine hazivipokei hata kwa bima. Unatakiwa useme ni nini, useme thamani yake, ulipie kwa thamani hiyo, ndipo na wao waitwe kujibu. Nilisoma habari ya almasi ya Hope, ile ya bluu. Mwaka 1958 sonara Harry Winston aliitoa kwa jumba la makumbusho la Smithsonian, Marekani, na akaituma kwa posta, rejista ya kawaida, ndani ya boksi lililofungwa karatasi. Alilipa dola 145.29. Katika hizo, dola 142.85 zilikuwa ni bima, na kilichobaki ndiyo stempu. Ikafika. Mie bima yangu ilikuwa samli.

Wenye mume wa huku, kuna na hili. Ukiambiwa mahari yako ni dhahabu ghafi, ile ya vipande iliyotoka machimboni, usikubali itumwe kwenye mzigo wala ije mfukoni mwa mtu. Masoko ya madini yameanza 2019, la Geita lilifunguliwa Machi mwaka huo. Pale inapimwa, inalipiwa mrabaha, inapata karatasi, na anayeisafirisha lazima awe na kibali. Mwambie bwana harusi auze sokoni kwa halali yake, akuletee pesa au akanunue pambo lenye risiti ya sonara.

Narudi kwenye aibu yangu, maana bado sijaisema yote.

Harusi ikapita. Mdogo wangu akaolewa na bangili ya kuazima. Na kwenye ukoo pakaanza maneno. Mtu mmoja mkubwa, simtaji, akasema: nani aliyeiona ikitiwa kwenye kopo? Si anakaa kwenye dhahabu huko, si wanauza kila siku? Ndiyo, wapo waliodhani nimeuza bangili ya yatima mwenzangu nikatunga hadithi ya samli. Na nilipotafuta ushahidi wa kujitetea sikuwa na chochote, kwa sababu niliificha hata kwa mume wangu. Karatasi pekee yenye jina langu inasema samli na michembe. Mdogo wangu hakusema neno baya. Alinyamaza tu. Yule aliyekuwa akinipigia kila siku baada ya Isha, wiki tano hakunipigia.

Nilimwendea ustadhi wa msikiti wetu, na mume wangu akiwepo. Nilitaka aniambie ni qadari. Hakuanza na qadari. Aliniuliza maswali mawili: mwenye mali alikuruhusu kuituma? Na ulikuwa na dharura gani hata uitoe mkononi mwako? Nikasema alinikataza. Akashusha macho. Akanieleza kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyewekewa amana hadaiwi ikipotea bila uzembe wake. Ingeibwa sandukuni kwangu, nisingedaiwa. Lakini anayeikabidhi kwa mwingine bila idhini ya mwenyewe na bila dharura, ameiingiza kwenye dhamana yake, akipoteza analipa. Akanikumbusha aya ya 58 ya Suratun-Nisaa, akasema unaijua. Naijua. Tuliihifadhi madrasa, mie na mdogo wangu, kwa bakora moja.

Kisha, nadhani aliona nimevunjika, akanisimulia kisa cha Bi Ummu Habiba, radhiyallahu anha. Nimekisikia tangu utotoni lakini sikuwahi kukisikiliza kama mtu wa vifurushi. Alikuwa Habasha, mjane katika nchi ya watu, na Mtume (s.a.w.) alimtuma Amr bin Umayya na barua kwa Najashi kuja kumposa. Najashi akampeleka mjakazi wake Abraha na habari. Kwa furaha Bi Ummu Habiba akavua bangili zake za fedha akampa. Akamweka Khalid bin Said kuwa wakili wake, Waislamu wakakusanywa, khutba ikasomwa, na Najashi akatoa mahari mbele ya macho yao, dinari 400 katika mapokezi mashuhuri, na wengine wametaja dirhamu 4,000. Baadaye Abraha akarudi, na bangili zile mkononi, azirudishe, kwa kuwa mfalme alimkataza kuchukua chochote. Akamletea pia udi, ambari, wars na zabadi kutoka kwa wake wa Najashi. Kwa ajili yake mwenyewe aliomba kitu kimoja, salamu zake zimfikie Mtume. Zikafika, na zikajibiwa.

Nikakaa nikawaza bangili zile. Zilitoka kwa mwenyewe, na zilirudi kwa mwenyewe, na kila mtu aliyezishika anajulikana kwa jina.

Kuna wanaoniuliza kama nikaha nayo inaweza kutumwa, maana bwana harusi yuko Bulyanhulu zamu haimruhusu, au baba yuko Pemba na binti yuko Shinyanga. Kwa ninavyoelewa, anayeweza kutumwa ni wakili. Walii anaweza kumwakilisha mtu aliyeko huko binti aliko, na bwana harusi anaweza kumwakilisha mtu wa kumpokelea. Kufunga ndoa kwenyewe kupitia simu ndiko kwenye mzozo. Majmaa ya Fiqhi iliyokutana Jeddah mwaka 1990 iliruhusu mikataba kwa vyombo vya mawasiliano lakini ikaitoa ndoa, kwa sababu ya mashahidi. Muulizeni sheikh wenu kabla hamjanunua keki.

Nikamwambia mume wangu nitalipa. Akaanza kupiga hesabu ya gramu na bei ya sonara wa Mwanza, na mwaka ule dhahabu ilikuwa imepanda kupita kiasi. Nikamwambia asijisumbue, ziko pacha, uzito mmoja, mkono mmoja uliozitengeneza. Alinyamaza muda. Akasema, "Hiyo ndiyo kumbukumbu yako ya mama." Nikasema ndiyo.

Nilisubiri mtoto akaze shingo na wakubwa wafunge shule. Tukaondoka mwisho wa Juni. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa limefunguliwa siku chache tu nyuma, tarehe 19, kilomita 3 juu ya ziwa, na ile foleni ya pantoni niliyoizoea miaka yote haikuwepo. Watoto walipiga kelele basi zima. Mie nilikuwa nimevaa bangili mkono wa kushoto, sweta juu yake, na mkono wa kulia juu ya sweta. Tulilala Mwanza kwa rafiki, asubuhi tukashika njia ya Shinyanga.

Ukipita Maganzo, kabla hujafika Shinyanga mjini, kuna njia ya kuingilia Mwadui. Huko ndiko ilikotoka zawadi ya harusi maarufu kuliko zote za mkoa ule. Mwaka 1947 ilichimbwa almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5, na mwenye mgodi, John Williamson wa Kanada, akamzawadia Princess Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa anaolewa mwaka ule ule. Ilipokatwa ikabaki karati 23.6, na miaka michache baadaye Cartier wakaitia katikati ya pambo la kifuani lenye sura ya ua. Nilimweleza binti yangu mkubwa. Akauliza, "Na huyo alitumiwa kwenye samli?" Watu wa kiti cha mbele wakageuka. Kumbe watoto walikuwa wanajua muda wote.

Sijalala usiku ule. Tinde, Nzega, Singida, kila basi likisimama na watu wakishuka msalani, mie nimeshika mkono. Boti ilikuwa na mawimbi, nikatapika na mkono nimeushika.

Mdogo wangu alikuja kutupokea Malindi na mumewe. Alimchukua mtoto kwanza, akamnusa, akalia kidogo. Nyumbani, baada ya Magharibi, tulipobaki wawili, nikavua bangili nikamvisha. Aliitazama, akatazama mkono wangu wa pili, akaona mtupu.

"Hii ni yako."

"Yangu ndiyo iliyopotea," nikamwambia.

Akaanza kuivua. Nikamshika. Tukavutana kama watoto wa skuli, mpaka akasema kwa hasira, na hii ndiyo mara ya kwanza kunionyesha hasira: "Mie sikutaka bangili. Nilikwambia usitume. Ulisema sawa." Nikamwambia najua. Akasema ukoo unamwuliza kila siku, na yeye hajui awajibu nini, kwa sababu na yeye kuna usiku alijiuliza kama kweli niliitia. Alilisema hilo machoni pangu. Lilinikata, lakini nilijua kama ningekuwa yeye ningejiuliza pia.

Siwezi kusema tuliyamaliza usiku ule. Alisema amesamehe, na kwamba akisamehe deni limekwisha, kwa hiyo nichukue changu. Nikamwambia mama alisema nimvishe kwa mkono wangu na nimeshamvisha. Bangili ilibaki kwake. Yule mkubwa wa maneno aliiona siku ya pili, akasema "alhamdulillah, kumbe imepatikana." Hakuna aliyemsahihisha. Nilitaka, mdogo wangu akanikanyaga mguu.

Nilirudi Katoro katikati ya Julai. Simu baada ya Isha zilianza tena, si kila siku, lakini zilianza.

Mwezi wa tisa nikapata ujumbe kwamba nina mzigo stendi. Boksi kubwa, limezungushiwa kanga juu ya karatasi. Kijana wa dirishani, yule yule, akaniambia, "Mama, huyu mtumaji wako kaandika kama anafanya mtihani." Juu ya boksi palibandikwa karatasi, mwandiko wa mdogo wangu: kanga pea 2. Nguo za mtoto 6. Udi gramu 100. Halud chupa 1. Tende kilo 2. Ubani. Marashi ya mawaridi chupa 2. Kila kimoja na bei yake, na jumla chini, na sahihi, na namba za simu mbili. Kijana akalifungua mbele yangu, tukahesabu pamoja, akapiga alama moja moja kwa kalamu.

Vyote vilikuwepo. Chupa moja ya marashi ya mawaridi ndiyo iliyovuja, imelowesha tende. Hakuivisha soksi.